Chiriku wa mikoko wa Galápagos: maswali mnayouliza kila mara

Nimekuwa nikiongea sana kuhusu huyu ndege na kila nikimtaja maswali ni yaleyale, kwa hiyo nimeamua niyajibu yote sehemu moja, mwenye swali asome hapa kwanza. Majibu mengine marefu mengine mafupi, inategemea na swali.

Huyu chiriku wa mikoko ni ndege gani hasa?

Ni ndege mdogo wa kahawia yenye ukijani kidogo, tumbo limefifia na lina michirizi, mdomo mrefu kiasi na umechongoka. Uzito wake gramu 18 hivi, yaani pima vijiko vinne vya chai vya sukari ndo huyo mzima mzima na manyoya yake. Jina la kisayansi ni Camarhynchus heliobates, wenyeji kule wanamwita kwa Kihispania pinzón de manglar. Hana rangi za kung'aa, ukimkuta kwenye uzio wa nyumba yako huenda usigeuke. Ila ni mmoja wa ndege adimu kuliko wote duniani, waliobaki ni kama 100 tu, na wanaotaga kila msimu ni jozi zisizozidi 20 hivi. IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi, wamemweka kwenye daraja la walio hatarini kabisa kutoweka, ukitoka hapo daraja linalofuata ni la kutoweka porini.

Anaishi wapi?

Visiwa vya Galápagos, nchi ya Ecuador, karibu kilomita 1,000 baharini kutoka bara. Ndani ya visiwa hivyo kuna kisiwa kinaitwa Isabela, ndo kikubwa kuliko vyote, zaidi ya nusu ya ardhi yote ya Galápagos iko hapo, ni kama Unguja tatu ukiziunganisha. Sasa usidhani ndege anazunguka kisiwa chote, hapana. Yuko kona ya kaskazini magharibi tu, kwenye vipande viwili vya mikoko, kimoja kinaitwa Playa Tortuga Negra na kingine Caleta Black. Ukijumlisha vyote viwili ni hekta kama 30, ekari 75 hivi, kuna watu kwetu wana mashamba makubwa kuliko hapo. Huo ndo ulimwengu wake wote, kuzunguka pande zote ni miamba ya volkano myeusi isiyo na kitu halafu bahari.

Zamani alikuwa na sehemu zaidi. Alikuwepo kisiwa cha jirani cha Fernandina lakini tangu miaka ya 1970 hajaonekana tena, na alikuwepo upande wa kusini mashariki wa Isabela, ghuba ya Cartago, huko nako kaisha.

Kwa nini mikoko? Si aruke tu aende msitu mwingine?

Hili naulizwa sana na ni swali zuri. Watu wa Lamu, Rufiji au Pemba mtanielewa haraka maana mikoko mnaijua, mnajua kwamba mkoko sio mchu na mchu sio mkandaa, kila mti una sehemu yake kwenye matope na kazi yake. Na Galápagos ni hivyohivyo. Kuna mikoko ya ukoo mmoja na mkoko wetu, Rhizophora, kuna ya ukoo mmoja na mchu wetu, Avicennia, na kuna inaitwa mikoko myeupe ambayo huku hatuna. Huyu chiriku anataka mikoko mirefu, iliyozeeka, na chini yake pawe na majani makavu mengi na vijiti vilivyooza, kwa sababu chakula chake ni wadudu, mabuu na buibui waliojificha humo. Anapekua majani, anabandua magome, anachokoa mbao zilizokufa.

Sasa mikoko mingi ya Galápagos iko ufukweni kabisa, maji yakijaa yanaingia yakitoka yanaondoka na majani yote, chini panabaki safi kama pamefagiwa, na kwa chiriku huyu pasafi maana yake njaa. Pale Playa Tortuga Negra na Caleta Black mikoko iko nyuma kidogo ya ufukwe, maji ya bahari hayaisombi taka yake moja kwa moja, majani yanarundikana mwaka baada ya mwaka. Ndo maana ukiangalia ramani unaona mikoko sehemu nyingi lakini ndege yuko hapo tu.

Ni huyu ndo yule wa Darwin?

Ni wa kundi lile, ndio. Charles Darwin alifika Galápagos 1835 na meli ya Beagle, akakusanya ndege kadhaa wadogo ambao baadaye walimsaidia kufikiri jinsi viumbe vinavyobadilika. Ila huyu wa mikoko Darwin mwenyewe hakumpata, alikuja kuelezwa kisayansi mwaka 1901 na Wamarekani wawili, Snodgrass na Heller, na kati ya chiriku wote wa Darwin yeye ndo adimu kuliko wote.

Na nirekebishe kitu kimoja hapa. Nawaita chiriku kwa sababu ndo neno letu la karibu, wanafanana umbo, lakini kiukoo sio chiriku wa kweli. Chiriku wetu hawa wa njano wanaoimba mashambani, ambao mtu akiongea sana tunasema ana maneno kama chiriku, ni wa familia ya Fringillidae. Wale wa Galápagos ni wa familia ya Thraupidae, ndege wa Amerika, babu zao walivuka bahari kutoka huko wakafika visiwani wakajikuta peke yao, wakaanza kugawana kazi, huyu mbegu ngumu, yule wadudu, mwingine maua ya mpungate, na midomo ikabadilika kufuata kazi. Wanasayansi Peter na Rosemary Grant walianza kuwapima chiriku wa kisiwa kidogo cha Daphne Major mwaka 1973 na wakaendelea kwa miaka karibu 40, wakaona kwa macho yao ukame mmoja tu unavyobadilisha wastani wa ukubwa wa mdomo kwa kizazi kinachofuata. Hii sio stori ya mamilioni ya miaka, watu wameiona laivu.

Ni kweli anatumia vifaa kama mtu?

Anayejulikana sana kwa hilo ni ndugu yake, chiriku-gogota, Camarhynchus pallidus. Anachukua mwiba wa mpungate au kijiti, anakishika mdomoni anachokolea buu kwenye tundu. Huyu wa mikoko naye ameshaonekana akifanya hivyo lakini mara chache. Wanafanana sana hawa wawili hata wataalamu wanahitaji kuangalia vizuri, na kule Cartago walipobaki wachache sana wa mikoko walianza kuzaana na chiriku-gogota, maana ukikosa mwenzako unachukua aliyepo. Hiyo ni njia nyingine ya kuisha, ukoo unamezwa polepole.

Nani anawaua?

Wakubwa ni wawili, panya na inzi. Wote wawili hawakuwepo Galápagos, wameletwa na watu.

Panya ni yule mweusi wa kawaida, panya wa meli, ndo huyuhuyu anakula mahindi yako darini. Alifika na meli karne zilizopita. Anajua kupanda miti vizuri sana, anapanda mkoko hadi juu anakula mayai na makinda. Ndege wa Galápagos waliishi muda mrefu sana bila mnyama wa namna hiyo, hawana mbinu zozote dhidi yake. Paka waliokuwa wa kufugwa wakageuka wa porini nao wapo.

Inzi anaitwa Philornis downsi, na huyu ndo ananiumiza roho zaidi. Asili yake ni bara, Amerika Kusini pamoja na Trinidad, kwa Galápagos alikamatwa kwa mara ya kwanza 1964 lakini hakuna aliyeshtuka, mpaka 1997 ndo akaja kugundulika ndani ya viota vya ndege. Ameshazoea, anashambulia karibu ndege wote wadogo wa nchi kavu huko, sio huyu peke yake.

Inzi anamuuaje ndege?

Inzi mkubwa hana shida, anakula matunda tu na vitu vinavyooza. Shida ni watoto wake. Anaingia kwenye kiota mama akiwa hayupo anataga mayai, yakianguliwa mabuu ya kwanza yanaingia kwenye pua za makinda. Halafu yakikua kidogo yanashuka yanakaa chini kabisa ya kiota, kwenye nyasi, mchana yametulia, usiku yanatoka yanawanyonya makinda damu. Kila usiku. Kinda la siku nne tano lina damu kiasi gani? Wengi wanakufa kabla hawajaota manyoya, na wale wanaopona wengine wanabaki na pua zilizotoboka na mdomo umeharibika maisha yao yote.

Kwetu tunaujua mchezo wa karibu na huo. Kwa nini bibi alikuwa anatwambia nguo zilizoanikwa nje lazima zipigwe pasi? Funza, yule inzi anataga kwenye nguo mbichi halafu buu linaingia kwenye ngozi. Sio jamii moja na huyu wa Galápagos, yule wa Galápagos kiukoo yuko karibu zaidi na inzi wa kawaida wa jikoni, lakini wazo ni lilelile, ila sisi tuna pasi na wao hawana.

Nani anafanya kazi ya kuwaokoa?

Ni mradi wa pamoja wa Charles Darwin Foundation na mamlaka ya Hifadhi ya Taifa ya Galápagos, hifadhi ilianzishwa 1959 na hiyo Foundation mwaka huohuo. Wamesaidiwa na watu wa bustani ya wanyama ya San Diego kule Marekani, ambao wana uzoefu wa kulea ndege wadogo kwa mikono, na Durrell Wildlife Conservation Trust wa Jersey. Kazi yenyewe ya kumlenga huyu ndege ilianza kwa nguvu mwaka 2006.

Na msifikirie ofisi yenye kiyoyozi. Playa Tortuga Negra hakuna mji, hakuna barabara, hakuna maji ya kunywa. Timu inafika kwa boti, inashuka kwenye mawimbi na mizigo yote, maji, chakula, kamba, dawa, mahema, na kabla ya kwenda kila kitu kinakaguliwa hadi viatu na mikunjo ya mahema wasije wakabeba mbegu au mdudu mpya. Wanakaa huko wiki kadhaa kwa zamu, joto, mbu, jua la ikweta.

Panya wamewafanyaje?

Tangu 2007 wanaweka sumu kwenye vibanda maalumu ambavyo panya anaingia lakini ndege haingii, wamevipanga ndani na kuzunguka mikoko yote. Hapa jiografia imesaidia maana nje ya mikoko ni uwanja wa miamba ya lava, panya wapya wanachelewa kufika. Baada ya hapo upotevu wa mayai na makinda ulishuka sana. Lakini kuwamaliza Isabela nzima bado haijawezekana, kisiwa ni kikubwa mno. Kisiwa kidogo cha Pinzón waliweza, walimwaga sumu kwa helikopta 2012 na kobe wadogo wakaanza kupona tena baada ya zaidi ya miaka 100. Isabela ni mara nyingi zaidi ya hapo na ina watu na mifugo upande wa kusini.

Kwa hiyo vibanda vinajazwa mwaka hadi mwaka. Ukiacha msimu mmoja tu panya wanarudi.

Na inzi?

Hapa ndo pagumu na ndo nitakaa kidogo.

Njia ya kwanza ni ya mkono. Viota viko juu sana, mikoko ya pale inafika zaidi ya mita 20 na ndege anajenga karibu na kilele, kwa hiyo mtu anavaa mikanda anapanda kwa kamba, au anatumia fito ndefu yenye mrija, anachoma dawa kidogo chini ya kiota pale mabuu yanapojificha. Dawa ni permethrin. Hii dawa mnaijua bila kujua, ni jamii ileile inayotiwa kwenye vyandarua vya mbu, na ilitengenezwa maabara kwa kuiga sumu ya asili iliyoko kwenye maua ya pareto. Pareto! Lile ua jeupe linalolimwa nyanda za juu za Kenya na Tanzania, kuna wakati Kenya ilikuwa inaongoza duniani kwa kuliuza. Mimi nikifikiria kwamba kitu kilichoanzia kwenye ua kinamlinda kinda wa gramu chache juu ya mkoko upande wa pili wa dunia nafurahi sana.

Njia ya pili ni ya kumwachia ndege afanye mwenyewe. Kuna watafiti kisiwa cha Santa Cruz waliona chiriku wanaokota nyuzi za kamba za kuanikia nguo wanajengea viota, wakasema hebu tuwape pamba iliyolowekwa permethrin. Wakatundika vikapu vya waya vyenye pamba, ndege wakachukua wenyewe wakaingiza kwenye viota. Matokeo yalitoka 2014: kiota chenye walau gramu 1 ya ile pamba kilikuwa karibu hakina mabuu kabisa. Ni kazi safi, hupandi mti, humgusi ndege. Ila haimalizi inzi, inakinga kiota kimoja kimoja.

Njia ya tatu ndo wanayoitegemea kwa muda mrefu, kumtafutia inzi adui wake. Huko bara anakotoka kuna nyigu wadogo wanaotaga ndani ya pupa za huyo inzi, yaani buu likiwa limejifunga kwenye ganda kabla ya kuwa inzi, na kuziua, mmoja ni Conura annulifera, amefanyiwa utafiti kwa miaka ndani ya maabara zilizofungwa kabisa. Na hapa watu wananiuliza kwa hasira kidogo kwa nini wasimwachie tu sasa hivi kama dawa ipo. Jamani, sisi wa pwani tuna kunguru. Kunguru wa India aliletwa Zanzibar miaka ya 1890 ili ale takataka, wazo lilionekana zuri, leo yuko Dar, Tanga, Mombasa, anakula mayai na makinda ya ndege wetu na hatujamweza mpaka leo. Ukimwachia nyigu Galápagos huwezi kumrudisha kwenye chupa, kwa hiyo lazima wajue kwa uhakika kwamba atamla Philornis peke yake na hatagusa wadudu wa asili. Acha wachukue muda wao kwa hili, mimi nawaunga mkono.

Nimesikia walichukua mayai wakaenda kulea ndege mjini, ni kweli?

Kweli, na hii ndo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Msimu wa kutaga unaanza na mvua, Januari hivi mpaka Mei. Viota vya mwanzo wa msimu vilikuwa vinafeli karibu vyote. Lakini jike huyu akipoteza mayai hakati tamaa, anajenga tena anataga tena, anaweza kurudia mara kadhaa ndani ya msimu mmoja. Wakapiga hesabu: mayai ya kwanza yanakufa hata hivyo, tukiyachukua sisi tukayalea, jike atataga mengine, kwa hiyo tunapata mara mbili.

2014 wakaanza. Mtu anapanda juu anachukua mayai mawili matatu, anashuka nayo, yanawekwa kwenye mashine ndogo ya joto ya kubebeka, halafu safari ya boti au helikopta mpaka Puerto Ayora, Santa Cruz, kwenye kituo cha utafiti. Wale mnaofuga kuku mnajua mashine ya kutotoleshea, mnajua ukikosea joto au unyevu kidogo tu umepoteza yai, sasa fikiria yai ni dogo sana na jamii nzima imebaki na ndege 100.

Likianguliwa linalishwa mara 15 kwa siku. Chakula ni mayai yaliyopikwa, papai, mabuu ya nyigu na utumbo wa nondo. Kuna watu kazi yao usiku ilikuwa kutega nondo kwa taa ili asubuhi wawapasue wapate kitu laini cha kumpa kinda. Chumba kimefungwa, unabadili nguo kabla ya kuingia, hakuna kuleta ugonjwa wowote maana hawa watarudi kwa wenzao.

Wakifika umri wa kujitegemea wanarudishwa Playa Tortuga Negra, sio kuachiwa hapohapo, wanawekwa kwanza kwenye mabanda makubwa ya wavu katikati ya mikoko wiki kadhaa, wanajifunza kupekua majani na magome, wanasikia sauti za wakubwa nje. Halafu mlango unafunguliwa na chakula kinaendelea kuwekwa, anayetaka kurudi kula anarudi. Baadhi walifungwa vifaa vidogo vya redio mkiani ili wafuatiliwe wameenda wapi. Mwaka huo wa kwanza waliachiwa 15. Kwa miaka mitatu ya mwanzo walivuka 30, kwa jamii ya ndege 100 hiyo sio namba ndogo.

Kwa nini wasiwahamishie sehemu nyingine, wasikae wote kapu moja?

Walijaribu. 2010 walichukua ndege tisa wakawapeleka Bahía Urbina, hukohuko Isabela upande wa magharibi, kwenye mikoko mingine. Walikaa kidogo, halafu baadhi wakaruka wakarudi kwao. Ndege mkubwa ameshajua nyumbani ni wapi, na hili ni mojawapo ya mambo yanayofanya kufikiria vijana badala ya wakubwa, kijana bado hajajifunga na sehemu.

Lakini wazo lenyewe ni la lazima. Hiyo Bahía Urbina, mwaka 1954 sakafu ya bahari ilipanda ghafla kwa zaidi ya mita 4 kwa nguvu za volkano, matumbawe yakabaki juu nchi kavu, mpaka leo unatembea juu yake. Playa Tortuga Negra iko chini ya volkano inaitwa Darwin, kuna Wolf kaskazini yake imelipuka 2015 na 2022, na ng'ambo Fernandina imelipuka 2024. Ardhi ikipanda au ikishuka kidogo tu pale, maji ya mikoko yanabadilika, miti inakufa, na hao ndege wote wako hapo. Inaninyima raha kila nikisikia habari ya volkano kutoka huko.

Kuzaana ndugu kwa ndugu si kutawaharibu?

Ni hatari ya kweli, ndio. Wakishakuwa wachache hivi utofauti wa vinasaba unapungua, mayai mengine hayaanguliwi, na ugonjwa mmoja unaweza kuwapata wote sawasawa. Dawa yake ni moja, wawe wengi haraka.

Naweza kwenda kuwaona?

Hapana, sio hawa. Galápagos utaingia kama mtalii, kiingilio cha hifadhi kwa wageni wengi kilipandishwa Agosti 2024 kutoka dola 100 hadi 200, utawaona chiriku wengine wa Darwin wakiokota makombo mezani Puerto Ayora, utaona kobe, utaona pengwini. Lakini misitu ile miwili sio sehemu ya watalii, wanaingia wa mradi na wa hifadhi tu. Mtu mmoja na tope kwenye kiatu anaweza kuleta mdudu mwingine.

Sisi huku inatuhusu nini?

Nimeshaulizwa hivi kwa upole na kwa ukali. Mimi nampenda ndege yule kama alivyo na hilo linanitosha. Ila kama unataka wa kwetu, panda milima ya Taita, Kenya, kuna ndege mdogo wa kijivu anaitwa apalisi wa Taita, naye yuko daraja hilohilo la hatari kabisa, amebaki kwenye vipande vya msitu juu ya milima na chini yake mashamba. Hakuna pengine popote duniani unapompata. Kamsome.

Wanajuaje wamebaki 100? Wanawahesabuje wakati wanajificha kwenye majani?

Kwa masikio na kwa pete. Dume akiimba ana eneo lake, mtu anatembea ndani ya mikoko asubuhi anasikiliza anaweka alama kwenye ramani, huyu yupo hapa, yule pale. Na ndege waliowahi kukamatwa kwa nyavu laini, pamoja na wale waliolelewa kwa mikono, wamevalishwa pete ndogo za rangi miguuni, nyekundu juu ya buluu mguu wa kushoto kwa mfano, kila mmoja mpangilio wake, kwa hiyo ukiwa na darubini unamtambua mmoja mmoja, huyu ni jike wa mti ule, huyu ni wa mwaka ule. Ni kama mwalimu anavyoita mahudhurio darasani.

Na ukielekeza darubini kwa ndege aliye juu ya mkoko ukakuta miguu yote miwili mitupu, haina pete hata moja, basi huyo hakuwahi kushikwa na mtu. Amezaliwa kule juu, kiota chake hakikufikiwa na panya, mabuu hayakummaliza, akaruka mwenyewe.